Wiki Kumi na Mbili Katika Darasa la Kufanya Upya Nia, Kampala

Darasa ninaloliandikia hapa hufanyika kila Jumanne, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa moja upande wa Mengo, na hufundishwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Ada yake ni shilingi 50,000 kwa wiki zote kumi na mbili, nayo hulipwa kidogo kidogo kwa pesa za simu kwa wale wasioweza kuitoa yote mara moja. Ndani ya ada hiyo unapewa daftari lenye jalada gumu, nakala za masomo, na kikombe cha chai kila jioni. Kusudi lake limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kumsaidia Mkristo wa kawaida afikiri Kikristo katika kazi, nyumba na njia anayopita kila siku. Nimelimaliza mwezi uliopita, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama linastahili muda na fedha, nimeona ni vyema nieleze nilichokipata na nilichokikosa.

Mimi ni muuzaji wa nafaka Kisenyi, kule kwenye mashine za kusaga mahindi. Nauza maharage, mchele, karanga na unga. Nimeokoka miaka kumi na tisa sasa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa mwanakwaya, kwa hiyo sikwenda darasani kama mgeni wa Biblia. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kwamba mahubiri niliyoyapokea kwa furaha siku ya Jumapili hayakuwa yakifika dukani kwangu. Nilikuwa na imani ya moyoni na nyimbo za kinywani, lakini nilipopanga bei, nilipomjibu mteja mkali, nilipoamua nani nimkopeshe na nani nimnyime, nilifikiri sawasawa na jirani yangu yeyote asiyejali mambo ya Mungu. Hilo lilinisumbua, na sikujua lianze kutibiwa wapi.

Nguvu ya darasa hili iko katika daftari. Kila usiku kabla ya kulala unaandika uamuzi mmoja tu ulioufanya mchana, hata uwe mdogo namna gani, katika safu tatu. Safu ya kwanza ni ya ulichokifanya. Safu ya pili ni ya ulichokuwa ukikiwaza wakati ule ule ulipokifanya. Safu ya tatu ni ya neno la Maandiko linalokipima. Nilidhani safu ya tatu ndiyo itakayonitoa jasho, kumbe ni ile ya pili. Kukumbuka ulichokifanya ni rahisi, na mstari wa Biblia huweza kuupata ukitafuta au ukimwuliza mwenzako. Lakini kukiri wazo lililopita kichwani kwa dakika moja saa nne asubuhi, wazo ambalo hukulialika na hukulifukuza, ni kazi inayomtaka mtu awe mkweli kupita alivyozoea. Wiki mbili za kwanza niliandika mambo ya heshima yasiyonigusa. Mwalimu, mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi ya uhasibu miaka mingi, alilipitia daftari langu, akanirudishia na kusema kwa upole, "Mama, hapa umeandika unavyotaka kuwaza. Tuandikie ulivyowaza."

Wiki ya tatu tuliambiwa tuchunguze jambo moja ambalo kila mtu katika kazi yetu hulifanya, na ambalo hatujawahi kulihoji. Nilikaa na kalamu nusu saa nzima, nisiandike kitu. Asubuhi iliyofuata, nikimpimia mteja maharage, nililitazama bakuli langu la kupimia kana kwamba sijawahi kuliona. Mizani zetu za mezani ni bapa na hazina ukingo wa kuzuia nafaka isimwagike, kwa hiyo sote huweka juu yake bakuli la plastiki, tukamimina nafaka ndani yake, na uzito unaosomeka ni wa nafaka pamoja na bakuli. Mteja alipoondoka niliweka bakuli tupu juu ya mizani. Gramu 60. Mizani yenyewe haikuwa na kosa, nayo ina muhuri wa wakaguzi wa Shirika la Viwango. Kosa lilikuwa juu yake.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye daftari, na nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuishiwa usingizi. Kwa maharage ya shilingi 4,000 kwa kilo, gramu 60 ni shilingi 240, fedha ambayo wengi wetu hatuinami kuiokota. Anayenunua kilo nzima hupunjika sehemu 6 katika 100. Anayenunua nusu kilo hupunjika sehemu 12, na anayenunua robo kilo hupunjika sehemu 24, yaani karibu robo ya kile alichokilipia. Mwenye hoteli anayebeba gunia la kilo 100 hapunjiki hata punje, kwa sababu magunia tunayapima kwenye mizani ya chini isiyo na bakuli. Na wanaonunua robo kilo ni akina nani? Ni wale akina mama wanaokuja jioni na noti moja mkononi, wakiwa wamemwacha mtoto nje na sufuria imeshabandikwa. Bakuli langu lilikuwa likimtoza kila mtu kwa kadiri ya umaskini wake, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake miaka yote hiyo nikiimba sifa.

Katika safu ya pili niliandika kwanza, "Kila mtu hufanya hivyo." Nikakata mstari, nikaandika, "Sikutaka kujua." Katika safu ya tatu niliandika Mithali 11:1, mstari ambao nilikuwa nimeukariri tangu shule ya Jumapili: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza."

Kurekebisha hakukuhitaji gharama. Mizani ina kitufe cha kuirudisha kwenye sifuri bakuli likiwa juu yake, na kwa miaka yote kitufe hicho kilikuwa chini ya kidole changu. Lakini kwa wateja kama 80 kwa siku, shilingi 240 kwa kila mmoja ni shilingi 19,200, kiasi kinachozidi malipo ya siku ya kijana anayenisaidia. Nililazimika kuongeza shilingi 100 kwa kila kilo na kuliandika ongezeko hilo waziwazi kwenye kibao. Jirani yangu alikiona kibao akaniambia, "Dada, hiyo dini yako itatufilisi sote," na hakuwa akitania. Nilipolipeleka jambo hili darasani, nilitazamia niambiwe kwamba Bwana atanirudishia maradufu, kama ambavyo tungeambiwa katika mikutano mingi ya mji huu. Mwalimu hakuniahidi kitu. Aliuliza tu ni wanafunzi wangapi wengine wana bakuli lao, na kwa muda mrefu hakuna aliyejibu. Kisha fundi cherehani akazungumzia vitambaa vinavyobaki baada ya kukata nguo ya mteja, na dereva wa lori la masafa marefu akazungumzia mafuta. Kwa kutoniahidi chochote jioni ile, darasa hili lilipata imani yangu.

Msingi wa mafundisho yote ni Warumi 12:2, na hapa niseme kwamba walimu wamejiandaa kwa bidii isiyo ya kawaida. Tulisoma mstari huo katika tafsiri mbili zikiwa mezani pamoja. Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekulia nayo, inasema "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", na Habari Njema inazungumzia kuzigeuza fikira. Tulitumia jioni nzima juu ya tofauti hiyo. Kwa Kiswahili cha kila siku, nia ni kusudi, ni jambo unalolitaka. Ndiyo maana mtu husema "nilikuwa na nia nzuri" akiwa ameharibu kila kitu. Lakini neno la Kigiriki alilolitumia Paulo lina maana ya akili inayopambanua na kuamua. Na pale tunaposoma "mpate kujua hakika mapenzi ya Mungu", kitenzi kilichoko katika Kigiriki ni kile cha kujaribu kitu ili kuthibitisha ubora wake, kama madini yanavyojaribiwa ili ijulikane ni halisi au ni bandia. Mtume anazungumzia kupima. Mimi ambaye kazi yangu ni kupima kutwa kucha, nilikuwa nimeusoma mstari huo mamia ya mara nikidhani unahusu kuwa na hamu ya mambo mema.

Jambo la pili nililolishika kutokana na masomo ya lugha ni kutafakari. Katika Zaburi ya kwanza, mtu mwenye heri huitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na nilikuwa nikimpigia picha mtu aliyekaa kimya, amefumba macho, hana duka wala watoto. Tulifundishwa kwamba kitenzi cha Kiebrania kilichotumiwa hapo ni kile kile kinachotumiwa na Isaya kwa ngurumo ya simba aliye juu ya mawindo yake na kwa sauti ya hua anayeomboleza. Ni kutafakari kwa mdomo, kwa kunong'ona, na mikono ikiwa kazini. Tangu hapo huchagua mstari mmoja kwa wiki na kuunong'ona ninapopepeta maharage. Kijana wangu alidhani ninahesabu.

Jioni iliyonigusa kuliko zote baada ya ile ya bakuli ilikuwa ya wiki ya sita, iliyohusu wasomaji wa kwanza wa nchi hii. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki mwaka 1879, na watu waliowafuata waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Katika Kiganda kusoma kitabu na kwenda kusali vilitajwa kwa neno hilo hilo. Kabla Maandiko hayajachapishwa kwa Kiganda, wengi wao walisoma vipande vya Injili kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa ikijulikana katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, kutokana na biashara ya pwani. Biblia nzima ya Kiganda ilikuja mwaka 1896. Kwa hiyo mtu anayeketi leo Mengo akisoma Injili kwa Kiswahili hafanyi jambo geni hata kidogo. Anarudia la mwanzo kabisa. Mwalimu wa pili, mzee aliyekuwa mwalimu wa shule huko Kongo ya mashariki, alituonyesha kwamba wale vijana wa jumba la Kabaka walioteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 hawakuwa wanazuoni. Walikuwa wahudumu na walinzi ambao imani ilikuwa imewabadilishia namna ya kuipima amri ya mfalme, wakaona kuna amri wasizoweza kuzitii. Joseph Mukasa Balikuddembe, mkuu wa wahudumu hao, aliuawa mapema zaidi, tarehe 15 Novemba 1885, baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kuamuru auawe James Hannington, askofu wa Kianglikana. Soko ambalo watu wa Kampala huliita Owino, kwa jina rasmi ni la Balikuddembe. Nimenunua nguo za watoto katika soko hilo kwa miaka mingi, na sikuwahi kuwaza kwamba nasimama chini ya jina la mtu aliyekufa kwa sababu alifikiri tofauti na wakubwa wake.

Tulielezwa pia kuhusu uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ambao mizizi yake iko Gahini nchini Rwanda na katika mkutano wa Joe Church, daktari mmisionari, na Simeon Nsibambi, Mkristo wa Buganda, hapa Kampala mwaka 1929. Wale walioguswa na uamsho huo walikuwa wakirudisha walichoiba na kukiri mbele ya wenzao. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Mazoezi ya daftari letu, kwa kweli, ni mtoto wa desturi hiyo.

Neno moja kuhusu lugha ya darasa. Tulikuwa kama ishirini: Wakongo wa Katwe na Nsambya, Wakenya wachache, mke wa askari aliyejifunza Kiswahili kambini, na mama mmoja Mganda aliyepita umri wa miaka sabini. Siku ya kwanza mama huyo alituambia kwamba kwa miaka mingi Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani vya enzi ya Amin, lugha aliyoisikia kutoka kwa watu wenye bunduki, na kwamba amekuja makusudi ili aisikie ikisema jambo jingine. Kiswahili kimetambuliwa katika katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini kutambuliwa na katiba ni jambo moja na kupokewa na moyo wa mama kama huyu ni jingine. Wiki ya kumi na moja aliomba kwa Kiswahili mbele yetu sote, kwa sauti ndogo na sentensi fupi.

Sasa kasoro. Ziko ndogo ambazo sitakaa nazo: ukumbi una madirisha mawili tu na huwa na joto kali, umeme ulikatika mara tatu na taa ya akiba ni moja, nakala za masomo zimechapishwa kwa herufi ndogo mno kwa macho ya wazee. Saa ya darasa nayo huwafungia nje wanawake wa sokoni, kwa sababu kati ya saa kumi na moja na saa moja ndipo wateja wa jioni wanapokuja, na mwenye duka peke yake hawezi kuondoka. Mimi niliweza kwa kuwa nina msaidizi.

Kasoro kubwa ni wiki ya nane, ya wasiwasi. Somo lilijengwa juu ya Wafilipi 4:8, kuhusu kuyatafakari yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki na safi, na mwalimu mgeni aliyealikwa jioni hiyo alilifundisha kana kwamba kila huzuni ni wazo lililopotoka linalosubiri kunyooshwa. Katikati yetu alikuwapo mama ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa hospitalini, na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu huko. Aliuliza aandike nini katika safu ya tatu, naye akajibiwa kwamba abadilishe mawazo yake na amani itakuja. Niliuona mkono wake ukilifunga daftari. Naamini kwa moyo wote kwamba jibu hilo lilikuwa kosa, tena kosa dhidi ya Maandiko yale yale tunayoyasoma. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", na swali hilo limo ndani ya Biblia, halikufutwa wala kusahihishwa. Paulo anaanza orodha yake kwa yaliyo ya kweli, na kwamba mtoto ni mgonjwa lilikuwa jambo la kweli kuliko yote yaliyosemwa ukumbini usiku ule. Darasa linalofundisha watu kuandika walivyowaza haliwezi kumkataza mama kuandika hofu yake. Wiki iliyofuata walimu wetu wa kawaida waliomba radhi mbele ya wote, na wanastahili heshima kwa hilo, lakini nakala ya somo haikubadilishwa, na wanafunzi watakaokuja wataikuta vile vile.

Nilikosa pia mafundisho ya kufikiri Kikristo juu ya mambo ya umma. Tulipima mizani, ndoa, deni, hasira na simu, lakini tulipokaribia serikali, rushwa ya ofisini au namna mpiga kura anavyopaswa kuamua, mazungumzo yaligeuzwa kwa haraka. Naelewa tahadhari hiyo, hasa katika darasa lenye wakimbizi wengi. Hata hivyo nchi hii ina mfano ambao darasa la namna hii halipaswi kuuacha. Mnamo Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na unyanyasaji wa raia, na tarehe 16 ya mwezi huo huo Luwum akauawa. Siku hiyo sasa ni ya mapumziko ya taifa, na watu wengi huifurahia kwa sababu maduka yanaweza kufungwa. Jioni moja tu juu ya barua ile, ikisomwa kwa safu tatu za daftari, ingetosha kuonyesha kwamba akili iliyofanywa upya haiishii kwenye bakuli la maharage.

Pamoja na hayo yote, ningelipa shilingi 50,000 tena. Ningemshauri alipie mtu ambaye tayari anasoma Biblia lakini anahisi kwamba kusoma kwake hakumfikishi kazini. Ningemshauri asubiri kidogo yule aliye katikati ya msiba au ugonjwa mzito nyumbani, mpaka somo la wiki ya nane liandikwe upya. Asiyependa kuandika atapata shida, ingawa dereva wa lori, ambaye husafiri siku nne kwa wiki na kuandika kwake ni kwa taabu, alikubaliwa kurekodi safu zake kwa sauti kwenye simu na kumsikilizisha mwalimu aliporudi, na alimaliza pamoja nasi.

Ukienda, beba Biblia yako mwenyewe, na kama unaweza kuazima tafsiri ya pili, iazime. Fika mapema kidogo kabla ya saa kumi na mbili, kwa kuwa mabenchi ya karibu na madirisha hujaa kwanza. Nauli ya boda ya kurudi iweke pembeni tangu mchana, kwa sababu mara nyingi darasa hupitiliza saa mbili, na usiku huo bei hupanda.